Mke Wangu Dobi na Kanzu ya Bomba

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi kama nyingine, mke wangu alikuwa anapiga pasi. Ilikuwa Jumapili, kabla ya jua. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, na kabla ya kuigusisha nguo ya mtu aliijaribu kwanza kwenye kitambaa kikuukuu. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu niwahi ibada ya alfajiri.

“Hiyo kanzu ya nani?” nikamwuliza. Nilijua ni ya ubatizo. Kanzu zote za kanisa alizifua yeye.

“Ya Bomba.”

“Bomba yupi?”

“Kwani mtaa huu una Bomba wangapi, baba watoto?”

“Anabatizwa lini?”

“Leo.”

“Leo! Juzi tu kalala mtaroni!”

“Juzi ni juzi. Nipishe, unanizibia mwanga.”

Nikatoka bila kuaga. Chai yangu niliiacha mezani.

Mke wangu alifanya kazi ya udobi miaka thelathini na minane. Hakujua kusoma. Kila mteja alikuwa na uzi wake wa rangi, ameushona ndani ya ukosi. Daktari uzi wa buluu, mwalimu kijani, mwenye duka la dawa mwekundu. Hakuwahi kumpa mtu shati la mwenzake. Mikono yake ilinukia sabuni hata siku za kupumzika.

Kanisani alisinzia. Nilimfinya, akaamka, akasinzia tena. Sala yake ya kulala ilikuwa fupi mno. “Baba, asante, mengine unayajua.” Hajamaliza kujifunika, anakoroma. Mimi bado nimepiga magoti, nawataja watu mmoja mmoja, baridi ya sakafu inanipanda. Nilimwonea wivu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alizungumza na Mungu kama mtu anayezungumza na baba yake chumba cha pili.

Mimi ni seremala. Herufi nilizijua ukubwani, za kutosha kusoma kwa kidole. Mabenchi yote ya kanisa letu nimeyatengeneza mimi, bila kulipwa. Ibada ya alfajiri sikosi. Jumatano na Ijumaa nafunga. Mafundisho ya ubatizo yalinichukua miaka miwili na nusu, maana nilishindwa maswali mara mbili, wakanirudisha nikae na watoto. Niliona aibu, lakini nilikaa.

Na baada ya yote hayo nilikuwa na hofu moja. Sikujua kama Mungu ananitaka. Nilimwambia mke wangu mara moja tu, tukiwa bado vijana.

“Kwani amekufukuza?” akaniuliza.

“Hapana.”

“Basi.”

Akaendelea kukamua shuka.

Sasa Bomba. Huyu alikuwa fundi wa mabomba, hodari, mpaka pombe ilipomshika. Mwaka mmoja aliiba shuka kumi na mbili za nyumba ya wageni kwenye kamba yetu, akaziuza, akanywa. Mke wangu alikwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Mwezi ule ule nikamkuta Bomba jikoni kwetu anakunywa chai.

“Huyu mwizi anafanya nini hapa?”

“Anakunywa chai,” mke wangu akasema. “Huoni?”

Ndiye huyo aliyekwenda kwa mchungaji akasema anataka kubatizwa. Mke wangu alimsindikiza na kumsemea. Mafundisho akapewa siku nane. Siku nane! Mimi, miaka miwili na nusu.

Basi Jumapili ile nikakaa benchi la nyuma. Kanzu ilikuwa fupi, magoti ya Bomba yote nje. Watu wakacheka, naye akacheka. Mchungaji akamwuliza kama ana neno.

“Sina, Mchungaji. Mimi nilidhani mtanirudisha mlangoni.”

Alipotolewa majini mke wangu akapiga kigelegele. Yeye, mtu wa kusinzia! Kirefu, mpaka mchungaji akangoja kiishe. Nikahisi kama nimemezeshwa pilipili.

Njiani nikashindwa kunyamaza. “Mimi siku niliyofikisha benchi la arobaini mbona hukunipigia?”

“Uso wako ulivyokuwa umeukunja, ningethubutu?”

Alicheka peke yake mpaka nyumbani.

Jumatatu alianguka kambani, pini za nguo ziko mdomoni. Upande wa kulia wote ukafa. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalieleweka.

Nikaanza kazi. Sijui kingine. Nilifunga kila siku, sio Jumatano na Ijumaa tu. Nilimwahidi Mungu mimbari mpya, mbao ngumu, bila fundo hata moja. Shuka za wodini sikuzitaka, nikawa nafua zetu mwenyewe, nazikausha, nazibeba. Vidole vikachubuka. Nikamwambia Mungu, “Unaona?” Sikusikia kitu.

Bomba alikuja kila siku mchana. Hakuleta hata chungwa. Alikaa kwenye kiti, na kiti kilikuwa kimoja, akamsimulia habari za vyoo vya matajiri alivyozibua. Mke wangu akacheka kwa nusu ya mdomo. Mimi nilikuwa napita na beseni, nakunja, napangusa. Nilisikia kicheko kile mgongoni kwangu. Kilikuwa changu, na aliyekuwa anapewa ni mwingine.

Siku ya tisa, asubuhi, nesi akanipigia simu. “Mzee, mkeo anakuita.”

Nikasema nakuja. Lakini shuka zilikuwa mbichi. Nikazipiga pasi, nikaunguza moja. Nikachemsha chai. Nikatafuta taulo safi. Nilifika saa saba. Mlangoni nikasikia sauti, nikasimama.

“Huogopi kufa, wewe?” mke wangu alikuwa anamwuliza Bomba.

“Naogopa maumivu, mama. Huko kwenyewe siogopi.”

“Kwa nini?”

“Yule aliyenipokea nanuka pombe, aje kunifukuza nimeshaoga?”

Wakacheka wote wawili.

Sijui kueleza nilivyojisikia. Hakuna mtu niliyewahi kumwonea wivu kama nilivyomwonea mtu yule kwenye kiti kile. Sikutaka mke wake, hana. Sikutaka mali yake, hana. Nilitaka lile jibu. Nililitafuta tangu ujana wangu, nikalifanyia kazi mpaka mgongo ukapinda, naye kalipata kama mtu aliyeokota kifungo njiani.

Nikaingia. “Toka,” nikamwambia. “Huyu ni mke wangu.”

Akainuka. “Haya, mzee.” Hakukasirika. Hilo nalo likaniuma.

Tukabaki wawili. Kiti kilikuwa wazi. Sikukaa.

Nikamwambia mke wangu yote. “Lile kanisa watu wanakalia nini? Mbao zangu. Nani anafungua mlango alfajiri? Nani anafunga? Na mpaka leo sijui kama atanipokea. Wewe unakwenda, mimi nabaki, na sijui kama nitakuja huko. Huyu hajafanya kitu, ana hakika. Mimi nimepungukiwa nini? Niambie, nitafanya. Bado nina nguvu.”

Alinitazama sana. Nilikuwa nimesimama na chupa ya chai mkono wa kushoto, beseni mkono wa kulia, shuka kwapani, mfuko wa dawa unaning’inia kwenye kidole. Akausogeza mkono wake ulio mzima kwenye godoro, polepole, ukafika ukingoni.

Alifariki kesho yake mchana. Sanduku nililitengeneza mimi. Bomba alishika mbele upande wa kulia, nikamwacha. Siku hizi anakuja kwangu jioni, anakaa tu. Mimbari sijaitengeneza. Mchungaji aliniuliza, nikamwambia hiyo iliyopo bado nzima. Alfajiri naenda, lakini juzi nilisinzia kwenye mahubiri, na hakuna aliyenifinya. Wivu haujaisha wote. Usiku huwa nasema “Baba, asante,” halafu nanyamaza, maana mengine anayajua.

Siku ile wodini hakunijibu kwa maneno mengi. Alisema hivi tu, nami nayaweka kama yalivyotoka kinywani mwake:

“Weka chini hivyo vitu, baba watoto, ukae. Nimekuita wewe. Sijaiita chupa ya chai.”