Moto ya Mama Mukwe

Mimi ni seremala, na hasira zangu ziko karibu. Naomba hilo lijulikane mapema, kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Rwambuzi wanapoisimulia habari hii hunifanya mtu mpole aliyeonewa. Sikuwa mpole hata kidogo. Nilikuwa mtu anayetaka kuoa, na kati yangu na ndoa kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu.

Habari ya kitu hicho ililetwa na shangazi yangu, aliyenilea hapa Bunia tangu tulipohama kutoka Kivu ya Kaskazini. Mbuzi walikwisha kupokelewa, vitenge navyo, nikamtuma kwa wakwe akasikilize ni nini kilichosalia. Alirudi amekunja uso, akajitupa juu ya kabati la mteja ambalo rangi yake ilikuwa bado mbichi. Nilimeza maneno yangu kwa heshima.

"Mama ya muke yako anaomba moto," akasema.

"Moto?"

"Moto. Anasema alilea ule mutoto peke yake kule Tchomia, na sasa iko muzee, amechoka kutembea. Anataka moto ya nguvu, yenye kuwaka mbiyo, isikuwe ya kuzimika-zimika. Na ulete weye mwenyewe, hapana kutuma mutu. Siku ile njo tutakula, na mambo itaisha."

Huku kwetu pikipiki tunaiita moto. Ukiwa na moto wewe ni mtu. Usipokuwa nayo, unapanda ya mwenzako na kumshika kiuno. Mimi nilikuwa mshika kiuno. Nilitupa randa chini. Mwanamke aliyetumia maisha yake kukausha samaki kwa moshi pale ziwani, akawa anauza sokoni, leo anataka moto! Aendeshe kwenda wapi? Au ameambiwa seremala ana hazina chini ya maranda yake? Shangazi aliniacha nifoke mpaka nikachoka. Kisha akapapasa kitenge chake, ambacho sasa kilikuwa na rangi ya kabati, akasema kwa sauti ndogo:

"Lakini hakusema moto ya chuma."

Tukatazamana. Sisi ni watu wa chukudu. Asiyeijua, ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho kwetu kule Kivu hubeba viazi na makaa. Unaweka goti moja juu yake, unasukuma kwa mguu wa pili, na kwenye mteremko unamwachia Mungu. Baba yangu alizichonga. Mkono wangu ulikuwa unajua kazi hiyo kabla kichwa hakijakubali.

Basi nikaanza. Nilikuwa na mbao nene za mkaratusi, zimeegemea ukuta tangu kiangazi, kavu kiasi kwamba ukizigonga zinalia. Nilizikatia magurudumu, nikayavisha mpira wa tairi kuukuu na kuugongomea misumari. Kama ningeishia hapo ningekuwa na chukudu nzuri na akili zangu timamu. Lakini mama aliomba moto. Nikachonga tangi, nikalipaka rangi nyekundu. Nikachonga kiti cha kukaa watu wawili, chenye mistari kama ngozi iliyoshonwa. Nikaweka bomba la moshi la mwanzi, na kioo cha kutazamia nyuma, ambacho shangazi alikuwa akikitumia kuchania nywele. Breki ilikuwa kipande cha mpira cha kukanyaga kwa kisigino. Niliipenda kazi ile kuliko kitanda chochote nilichowahi kuuza. Jioni nilikaa juu yake, mbele ya mlango, sielekei popote.

Madereva wa moto za kweli walipita kunitania. "Essence inaingilia wapi?" akauliza mmoja, akilitafutia tangi tundu la petroli. Mwingine akainama kwenye bomba la mwanzi. "Haina moshi, muzee! Moto bila moshi haiko moto." Nikawafukuza kwa msumeno.

Mchumba wangu nilikuwa sionani naye majuma hayo, ndiyo desturi, lakini simu ilikuwepo. Nikamwambia moto ya mama yake iko tayari.

"Imekauka muzuri?" akaniuliza.

Nikashangaa anavyojali. "Rangi tu njo bado kidogo."

"Unapaka moto rangi?"

"Nyekundu."

Akasema mama anamwita, akakata simu. Mimi nilidhani amejawa na furaha. Baadaye aliniambia kwamba alikaa chini akajiuliza kama aina hii ya ugonjwa hurithiwa na watoto.

Siku ilipofika nilivaa suti, nikaweka goti, nikaondoka. Sikufika mbali. Askari wa barabarani alinisimamisha kwa filimbi.

"Casque iko wapi?" akauliza, akitafuta kofia ya pikipiki kichwani mwangu.

Nikamweleza kwamba chombo hakina injini. Akakizunguka, akanusa tangi, akajitazama kidogo kwenye kioo cha shangazi.

"Washa tuone."

"Haiwake, chef."

"Moto yenye haiwake! Unaipeleka wapi?"

"Kwa mama mukwe."

Uso wake ukabadilika. Alivua kofia, akasimamisha lori zima la mbao, akanipisha kwa huruma kana kwamba nabeba maiti.

Kwa wakwe kunashukwa kwa mteremko mrefu wa udongo mwekundu. Shangazi alikuwa ametangulia kwa moto ya kukodi ili apige vigelegele na kutangaza. Nilimwona kule chini, mikono juu, na sauti yake ilinifikia vizuri kabisa: "Moto! Moto inakuya! Mutoke inje, moto inakuya!" Wakati huohuo nilikanyaga breki, na breki ikabaki barabarani.

Watu wakatoka. Nitashuhudia mbinguni kwamba majirani wa wakwe zangu ni watu wema. Walitoka na ndoo, na mabeseni, na sufuria ya maji ya mchele, na mama mmoja alikuwa na mtoto aliyekuwa akimwogesha, akamshikilia mtoto na kuacha maji tu. Wanamtafuta anayeungua, wanaona mtu wa suti anayepita kwa kasi juu ya kitu chekundu huku akipiga kelele. Wakanimwagia. Wote, bila kubakiza. Niliingia uani kwa wakwe kupitia ua wa matete, nikasimamishwa na ukuta wa jiko.

Mama mkwe alitoka jikoni. Ni mwanamke mfupi, mwenye macho mekundu ya miaka mingi ya moshi. Alinitazama kidogo, akaitazama kazi yangu kwa muda mrefu. Akagonga gurudumu la mbele kwa vidole, akasikiliza.

"Mukaratusi," akasema. "Kuni ya muzuri sana. Na umeitilia magurudumu, isikuumize kichwa! Lakini juu ya nini mumeimwangia maji?"

Kuni. Nilimgeukia shangazi, naye alikuwa anatazama mawinguni. Ndipo maneno yote yakarudi na kukaa mahali pake: yenye nguvu, ya kuwaka, isiyozimika. Wenye Kiswahili cha vitabuni wana kinga yao. Kwao huu ni moto wa jikoni na ile ni pikipiki ya barabarani. Sisi huku kila kitu ni ya. Moto ya kupikia, moto ya kupanda, muke ya mutu, wazimu ya mutu. Herufi moja tu ingeniokoa.

Damu ilinipanda. Nilikwisha kufungua mdomo kusema kwamba hii si kuni, kwamba kiti hiki nimekichonga kwa mkono, kwamba ni moto ya kupanda na yeye ndiye aliyeiomba. Lakini mama alikuwa amechuchumaa, kiganja bado juu ya gurudumu, na aliongea kama mtu anayeongea peke yake.

"Kule Tchomia nilibeba kuni kwa kichwa mupaka shingo ikaingia ndani. Kila siku ya samaki, kuni. Watu walikula samaki yangu, hakuna mutu aliniletea ata kijiti. Njo nikasema, mwenye atabeba mutoto yangu, aniletee moto mara moja tu. Mara moja. Aniletee yeye mwenyewe."

Nilifunga mdomo. Nilikuwa na hasira, na niliipenda pikipiki yangu, na nilimpenda binti yake zaidi. Haya yote nilikuwa nayo kwa pamoja, ndani ya suti yenye maji ya mchele.

"Mama," nikasema, "shoka iko wapi?"

Niliipasua mwenyewe. Nilianza na usukani, kwa sababu nisingeanza pale nisingeanza kabisa. Magurudumu niliyavua mpira kwanza. Tangi mama alilikataa, rangi itanuka kwenye maharage. Hadi leo lipo nyumbani, tunawekea chumvi. Kiti cha watu wawili kiliingia jikoni kikiwa kizima, na mistari yangu yote. Shangazi alisimama kando akiokoa kioo chake.

Kuni zilizomwagiwa maji na mtaa mzima haziwaki upesi. Zilitoa moshi, mzito, mweupe, ukajaa jikoni, ukatoka uani, ukapanda juu ya mabati. Wale madereva waliokuja kutazama walipiga honi zao. "Muzee, sasa njo moto!" Nilifuta macho kwa tai. Yeyote aliyeuliza nilimwambia ni moshi, na nusu yake ilikuwa moshi kweli.

"Mukwe!" mama akaita kutoka ndani. "Moto yako inazimika!"

Isikuwe ya kuzimika-zimika, alikuwa amesema. Nikaingia mbio, nikapiga magoti kwenye majivu, nikaanza kulipulizia gurudumu langu la mbele. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Kisha mtu akapiga magoti pembeni yangu, katika kitenge kipya ambacho hakikupaswa kugusa majivu siku ile. Hatukuwa tumeonana majuma mengi. Alilitazama lile tangi lililokataliwa, akanitazama mimi, akauma midomo asicheke.

"Nyekundu," akasema.

Akajaza mashavu, akapuliza. Nami nikapuliza upande wangu, mpaka gurudumu likashika moto.