Chapa ya Ngamia kwenye Tableti

Dunia nzima, kuanzia Isiolo mpaka kule jua inaenda kulala, mtu wa kwanza kupiga tableti chapa kama ngamia ni mimi. Cheka tu. Hata mimi nilicheka, nikaonyesha meno yote, mpaka pengo ya mbele.

Wakati huo nilikuwa nachunga geti ya shule ya msingi huku mtaa wa Bulla Pesa. Darasa sikuwahi kukaa hata siku moja. Shule mimi nimeingia kupitia geti peke yake. Lakini geti yenyewe nililinda! Nzi ikitaka kupita lazima iseme inaenda darasa gani. Watoto walikuwa wananiita Apa, vile sisi Waturkana tunaita baba, na hata wale si Waturkana waliniita hivyo hivyo. Na kwa sababu mjukuu wangu alisoma hapo, wazazi waliniweka kwa kamati. Sijui walifikiria nini.

Kaunti ilikuwa bado mpya, kila wiki gari inakuja na watu wa mradi huu ama ule. Siku moja wakaja watu wa tableti. Walileta aina mbili, moja moja, wakaweka kwa meza ya ofisi. Wakasema shule ichague yenyewe: aina moja tu, thelathini, za kugawana shule nzima. Moja ilikuwa nene, imevaa raba kama gumboot, lakini kioo yake ndogo. Ile ingine ilikuwa nyembamba kama chapati ya mtu mchoyo, kioo kubwa, mgongo bati.

Mimi nilizikagua vile nakagua ngamia sokoni. Nilibeba, nikagonga, nikanusa. Ile nene nikaiangusha chini makusudi. Madam mkuu, mwalimu mwenyewe, mama wa kutoka Meru, akaruka kama amekanyaga moto.

"Mzee! Hiyo si jiwe!"

"Madam, watoto wetu wataangusha mara mia kwa siku. Afadhali mimi niwe wa kwanza."

Haikuvunjika. Basi kila mtu akasema tuchukue hiyo ya raba. Hapo ingeisha, na mimi leo ningekuwa na hadithi ingine ya kuchekesha watu.

Lakini kulikuwa na msichana wa darasa la nne. Alitoka Sericho, kwa boma ya ngamia, akaletwa mjini akae na shangazi yake anayeuza maziwa. Macho yake yalikuwa mabaya. Akisoma kitabu, pua inagusa karatasi, mpaka nikawa namwambia, "Wewe unasoma ama unaonja chumvi?" Anacheka. Hospitali walimpa miwani, haikusaidia. Walisema ugonjwa uko nyuma ya jicho, miwani haifiki huko.

Na babake alikuwa ametuma neno kwa shangazi, neno moja, wazi kabisa: mwaka ukiisha na mtoto hajui kusoma, arudi kwa mbuzi. Hakuwa mtu mbaya. Kule Sericho kisima iko mbali, mikono ni michache, na mtoto kukaa mjini bure bila kujua kitu ni hasara. Sisi wote tulijua hiyo neno. Msichana ndiye alijua zaidi.

Sasa siku hiyo ya kuchagua, mwalimu wake akamwita ofisini, akampa ile nyembamba. Akamwonyesha kutandaza vidole viwili juu ya kioo. Herufi zikafura, zikawa kubwa kama sufuria. Msichana akaishika vizuri kwa mikono miwili. Halafu akaanza kusoma, neno moja, lingine, kwa sauti, pua iko mbali na kioo, shingo imesimama vizuri kama ya twiga. Alisoma mstari wote. Mimi nimeona mvua ikinyesha baada ya miaka miwili ya ukame, lakini siku hiyo ofisini ilishinda mvua.

"Hii," nikasema. "Hii ndio tunachukua. Ile ya raba mpeleke kwa mafundi wa mjengo."

Nikapiga kelele kushinda wote, na tukachukua nyembamba.

Zilikuja thelathini. Watoto mia tatu na kitu. Kabati ya chuma ikawekwa kando ya ofisi, ufunguo nikavaa shingoni mimi. Kazi yangu: kengele ikilia, napanga tableti kwa karai, napeleka darasa la tatu. Ikilia tena natoa, napeleka la nne. Wanagawana watoto wanne tableti moja, kila mmoja kidole chake. Jioni nachomeka zote kwa chaja. Nilikuwa nazihesabu kuliko mbuzi zangu, na mbuzi zangu walianza kuniangalia vibaya.

Shida ikawa moja. Ile ya msichana, mwalimu alikuwa ameitengeneza: herufi kubwa, na ndani kuna masomo yake amefika wapi. Lakini tableti thelathini ni kama kondoo thelathini weupe. Kipindi kinaanza, yeye anatafuta yake, anafungua moja moja kwa pua, wenzake wanapiga kelele, "Wewe harakisha!" Akiipata, kengele inalia. Tuliandika namba kwa karatasi na gundi, jasho na vumbi ikatoa. Tuliandika kwa kalamu nene, siku tatu ikafutika. Na wakati huo huo shule ingine si mbali na sisi iliibiwa zake. Zikaonekana sokoni, na hakuna mtu angeweza kuapa kwamba ni zao, kwa sababu hazina alama.

Kamati ikakaa. Madam mkuu hakuwepo, alikuwa ameitwa mkutano Nairobi. Tulikuwa Mturkana, Waborana wawili, Msomali, Msamburu, na mwenye duka mmoja Mmeru. Mzee mmoja Mborana akavuta shuka yake, akauliza polepole:

"Nyinyi mna mali thelathini, na haina chapa?"

Tukaangaliana. Kweli! Watu ya ngamia sisi, na tumeacha mali uchi hivyo! Hata aibu ilitushika. Yule mwenye duka peke yake akasema, "Kwa nini tusipake rangi? Rangi ya kucha iko kwa duka yangu."

"Wewe fuga duka," Msamburu akamwambia. "Mambo ya mifugo achia wenyewe."

Tukamcheka huyo mtu mpaka akashika kofia yake akaenda. Leo nikipita kwa duka yake napita upande ule mwingine.

Jumamosi asubuhi nikawasha makaa kwa jikoni ya shule. Chuma ya chapa nilikuwa nayo, ile ya babu yangu. Wazee walikaa kwa benchi kuangalia, kama harusi. Nikapiga ya kwanza mgongoni: tsss! Harufu kidogo, moshi kidogo, alama nzuri nyeusi. Nikaiwasha, kioo ikawaka. Wazee wakapiga makofi. Nikapiga zote, haraka haraka, na utani juu: "Hii dume, hii jike, hii haitazaa kitu."

Ya msichana, nilikuwa nimeitafuta kwa herufi zake kubwa, nikaacha mwisho. Shangazi yake alikuja na madebe ya maziwa, nikamwomba anichoree chini chapa ya ngamia za kakake, babake mtoto. Akachora kwa kidole mchangani: mstari mrefu na ndoano mbili. Nikapinda waya mnene mpaka ikawa hiyo hiyo. Nikafikiri, huyu mtoto haoni, lazima alama iingie ndani, kidole ikipita isikie. Basi nikakaza. Zile zingine niligusa tu. Yake nilihesabu pole pole kama daktari, nikashikilia, nikarudisha chuma kwa moto, nikapiga tena palepale.

Jumatatu nikapeleka karai darasa la nne. Msichana akapitisha mkono juu ya migongo, moja, mbili, tatu, mkono ukasimama.

"Hii ni ya aba!" akasema, vile kwao wanaita baba. "Hii ni ngamia za aba!"

Hakutafuta tena. Akawa wa kwanza kufungua, wa kwanza kusoma. Mwalimu alisema ameanza kufika kwa wenzake. Wakati wa chai alikuwa anakuja getini, tableti kwa shuka, ananifundisha. Anatandaza vidole mpaka herufi moja inajaa kioo yote, ile ya mwanzo ya jina langu. Nikamwambia hii ni mti imekatwa matawi upande mmoja. Akasema, "Apa, sasa hii hutasahau." Hiyo ndio ilikuwa kusoma kwangu kote, na nilijigamba kwayo Bulla Pesa nzima.

Wiki ya tatu, akaniletea.

"Apa, yangu imefura."

Nikaangalia. Mgongo umepanda juu, kioo imeanza kuachana na pembe. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikafanya nini? Nikaigonga tumbo, nikamwambia, "Hii ina mimba. Ikizaa utapata mbili, moja utanipa mimi." Akacheka, darasa likacheka. Nikairudisha kabatini, nikaweka juu yake mawe mawili mazito ili ilale sawa.

Kesho yake, karibu saa nne, niko getini nikasikia kama mtu amepasua mbao. Moshi ukatoka kwa kabati, mweupe, mchungu, unakata koo. Watoto walikuwa nje, Mungu alisaidia. Madam mkuu alikuja mbio na ndoo ya mchanga, viatu aliacha njiani, akamwaga kwa mlango uliofumuka, akarudi kuchota ingine. Mimi mwenye ufunguo nilisimama nimeshika ufunguo.

Tulizitoa. Ya msichana ilikuwa imeungua ndani, kioo imepasuka. Zingine zilikuwa zimefura, nyingi zao.

Fundi wa mradi akaja. Kijana mpole, kamba ya kitambulisho shingoni. Akazipanga kwa meza, migongo juu. Kamati yote ilikuwa imesimama. Akapitisha kidole kwa chapa.

"Nani alichoma hizi?"

Yule mzee Mborana akaangalia paa. Msamburu akaangalia viatu. Nikasema, "Ni mimi."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua mahali pa kujificha. Alitoa bisibisi ndogo, akafungua mgongo wa ya msichana, akanionyesha. "Mzee, hapa nyuma ya bati ndio betri inakaa. Haitaki moto. Ile ya raba ingevumilia kidogo. Hii haiwezi." Halafu akapiga picha za chapa zangu, moja baada ya nyingine. Akauliza hii ya ndoano mbili kwa nini imeingia sana. Nikamwambia. Akaangalia dirisha.

Zote zikabebwa. Zilikuwa hatari, alisema, hata zile hazijafura. Barua ikaja baadaye, madam mkuu akanisomea: shule yetu haitapewa zingine. Nikamwambia anifukuze kazi. Akasema, "Mzee, nikikufukuza, hizo tableti zitarudi?" Nikabaki getini.

Kule juu ya meza fundi alikuwa amesahau ile bati ya mgongo, yenye ndoano mbili. Msichana aliichukua. Akarudi kwa kitabu na pua yake. Nilimwona kila siku kutoka getini, kupitia dirisha, kichwa chini kama anakunywa maji. Nilienda mpaka kwa mwalimu, nikaomba aandike herufi kubwa ubaoni. Aliandika. Lakini yuko na watoto sitini, na ubao ni moja.

Mwaka ukaisha, babake akaja na lori ya kuleta mbuzi sokoni. Mtu mrefu, mkimya, amefunga kichwa kitambaa.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam," nikamjibu, ingawa mimi ni wa kanisa. Nikamletea kiti, nikaanza maneno. Nilimweleza mtoto ana akili ya kujaza lori tatu. Nilimweleza alisoma, nilimsikia mwenyewe kwa masikio yangu. Alicheka mahali pa kucheka. Halafu akatoa mfukoni karatasi ya chanjo ya ngamia, akampa mtoto.

"Soma."

Akaweka karatasi kwa pua. Tukangoja. Akaisogeza huku, akaisogeza kule. Sauti haikutoka.

Babake hakukasirika. Aliikunja karatasi vizuri, akarudisha mfukoni. "Wewe ni mtu mzuri," akaniambia. "Lakini arudi."

Nikasema, "Kosa ni yangu." Nikamweleza yote, moto, chuma, mawe. Sikuweka utani hata kidogo. Msichana akatoa ile bati kwa begi yake, akampa babake. Akaishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwa ndoano zake, akaenda nayo kwa mwangaza.

"Imepigwa vizuri," akasema. "Imekaza. Hata vijana wangu hawapigi hivi."

Nimesifiwa mambo mengi ya uongo maishani. Hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo ilinikalia kifuani mpaka leo.

Lori ikawashwa. Msichana akapewa mahali mbele, karibu na dirisha, bati kwa mapaja. Kabla hajapanda akaniuliza, "Apa, herufi yako bado unajua?"

Mlango wa lori ulikuwa na vumbi nene. Nikachora kwa kidole, kubwa kama mbuzi: mti, matawi upande mmoja. Alisimama pale mbali, hakusogea, hakuinamisha kichwa. Akaitaja.

Halafu akapanda, mlango ukafungwa, lori ikaenda na herufi yangu upande wa Garba Tulla. Kutoka kwetu mpaka Sericho ni safari ya siku nzima, na njia yote ni vumbi.