Nilinenepa Vitani

Nilirudi kutoka vita vya Kagera nimenenepa. Ni jambo la aibu, najua, lakini afadhali nilitaje mwenyewe kabla hujalisikia kwa watu wa kijijini kwetu, Qurus. Wenzangu tulioshuka nao kwenye lori pale Karatu walikuwa wamebaki macho na mifupa, na mama zao walilia kwa kuwaona. Mama yangu alinizunguka, akanibonyeza shavu, akaniuliza kama kule vitani kulikuwa na hoteli.

Nilikwenda kama mgambo, mkulima wa ngano na maharage aliyefundishwa kulenga shabaha kwenye uwanja wa shule. Siku ya kupangiwa kazi, afande aliuliza nani kati yetu amewahi kufanya kazi jikoni. Mimi nilikuwa nimewahi kuosha vyombo katika hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta yenye wanyama. Nikanyoosha mkono kabla ya wote, maana nilijua mpishi hukaa nyuma. Kweli hukaa nyuma, mpaka walio mbele waone njaa. Basi nikajikuta navuka mpaka na sufuria mgongoni, risasi zinapita, nami naulaani ujanja wangu.

Unene wenyewe uliniingia kwa njia ya Mmasai mmoja wa Endulen. Kwao, kijana aliye morani hali peke yake. Hata maziwa hanywi bila mwenzake wa rika kuwa naye. Na katika kombania yetu Mmasai alikuwa yeye tu. Siku za mwanzo aliipokea mestini yake, bakuli la bati la askari, akaiweka magotini, akautazama ugali mpaka ukapoa, kisha akampa mtu mwingine. Afande akaona askari anakwisha mbele ya macho yake, akanigeukia mimi. "Mpishi, umempikia nini huyu?"

Nikachukia. Mimi nikichukia sina subira, hilo hata mke wangu atakuambia. Nikachukua kijiko changu, nikakaa mbele ya yule Mmasai, nikachota kwenye mestini yake, nikamwambia, "Kula, usiniponze." Akanitazama. Mimi ni Mmbulu, na babu zake na babu zangu walitafutana kwa mikuki kwa ajili ya ng'ombe. Akafikiri sana, halafu akala. Tangu hapo hakutaka mwingine. Nikawa naonja kama mpishi, nakula zamu yangu kama askari, kisha nakula tena kama morani kwa kuheshimu mila za watu. Nani asingenenepa?

Mwenzetu wa tatu alikuwa kijana wa Qurus, mtoto pekee wa mama mjane ambaye shamba lake limepakana na letu. Alinitania kutwa, akisema adui akinipiga risasi yatatoka mafuta. Alfajiri moja tulikuwa tunapeleka uji mbele, yeye na mimi tumeshika ndoo huku na huku, Mmasai na bunduki yake ubavuni. Kombora likaanguka karibu. Mimi na Mmasai tulifunikwa udongo, lakini yeye aliumia tumboni. Akaomba maji. Maji sikuwa nayo, nilikuwa na uji, nikampa huo. Akameza kidogo, akasema, "Huu uji hauna sukari," akafia mikononi mwangu. Tulimzika sisi wawili kwa koleo la jikoni. Nilimpenda yule kijana, na nililia kwa sauti bila kujali nani ananisikia.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tukaitwa uwanjani kuvishwa nishani. Mke wangu alinipigia pasi shati mara mbili. Nilisimama mstarini kifua mbele, najiona mwanamume kamili, majina yanasomwa, mtu anatoka, anavishwa, anapiga saluti. Majina yakaisha bila langu, na bendi ikaanza kupiga. Kile kifua nikakirudisha taratibu, kitambi kikachukua nafasi yake.

Ningeweza kukaa na aibu hiyo nyumbani kwangu, nikainywea pombe ikapita. Lakini kwa jirani kulikuwa na msiba wa yule kijana. Kwetu, mtu akifia mbali, kaburi lake lisionekane, msiba haufungwi mpaka aje aliyemwona akifa, aseme mbele ya wazee wa ukoo, nao wakubali neno lake. Kabla ya hapo nyumba hiyo inakaa peke yake. Mama hakanyagi kwa watu, haendi kuomba moto kwa jirani, na hakuna anayekuja kumsaidia kulima wala kuvuna. Mahindi ya yule mama yalikuwa yanaozea shambani, sisi tunayaangalia ng'ambo ya mpaka. Padri alikwisha kusoma Misa ya marehemu, akasema imetosha. Baba mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akamjibu kwamba Misa ni habari za roho, na yeye anaulizia habari za mwili.

Nikaitwa. Nikaeleza yote, pamoja na uji. Nilipofika penye sukari, mama wa marehemu alijifunika uso kwa kanga, mabega yakamtetemeka, nikajua amemtambua mwanawe. Lakini baba mkubwa alikuwa ananikagua kuanzia shingoni kwenda chini.

"Mtu anakufa, anaulizia sukari?"

"Ndivyo alivyosema, mzee."

"Wenzako wamevishwa nishani, wote tunaona. Wewe umevishwa kitambi. Nitajuaje kama ulifika huko?"

Nikasema shahidi yuko, Mmasai wa Endulen. Hapo niliharibu kabisa. Baba mkubwa alisema Mmasai anayemjua yeye ni yule aliyeondoka na ng'ombe wa baba yake, na huyo naye alikuwa hodari wa kueleza. Akataka neno la serikali. Nikiileta nishani, msiba utafungwa. Nisipoileta, nisikanyage tena pale na hadithi za uji. Nilitoka nimefura kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile nilikuwa najikasirikia mwenyewe na mkono wangu mwepesi wa kunyooka.

Ofisi iliyoshughulika na mambo hayo ilikuwa Arusha. Nilifika nimejaa vumbi la Mto wa Mbu na Makuyuni mpaka kwenye nyusi. Dirishani alikuwapo karani, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, na upole huo ulinikera zaidi ya matusi. Alisoma jalada langu, akasema, "Ndugu, wewe ulikuwa stoo ya chakula. Hukuvuka mpaka."

"Nilivuka na sufuria."

"Sufuria zote zimeandikwa zilibaki nyuma. Na wewe umeandikwa pamoja nazo."

Nilipiga meza ngumi. Nikamwambia kama sufuria zilibaki, basi jeshi zima lilipikiwa kwenye kofia. Mlinzi akanishika mkono, akanitoa nje kwa heshima, akaniomba nirudi nikishapoa. Niliporudi safari nyingine, mpole kama mwanakondoo, karani aliniambia kumbukumbu zinaweza kusahihishwa endapo askari mwenzangu aliyekuwa mbele atakuja mwenyewe kunithibitisha. Ikanibidi nimtafute Mmasai.

Nilipata lifti kwenye Landrova ya hospitali ya misheni, nimebanwa kati ya magunia ya unga na mama mjamzito aliyenicheka kila tuliporushwa. Pale juu ya kreta ukungu ulikuwa mzito, dereva anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Kutoka Endulen nilitembea kwa kuuliza uliza, nikamkuta kwenye boma lake, sasa ni mume wa mtu, ana rubega mpya begani na ng'ombe wengi. Nilitegemea ataruka kwa furaha. Alinitazama kwa huzuni, akasema, "Umekonda."

Kabla sijasema neno nikaletewa maziwa, kisha nyama. Nilipomaliza kula ndipo nikamweleza habari ya yule mama mjane, mahindi na baba mkubwa. Halafu akaniuliza mbona sikuja mapema. Sikumwambia kwamba niliona aibu kufunga safari yote ile ili kuomba msaada wa kuthibitisha kwamba sikuwa mwoga. Alimwachia ndugu yake ng'ombe, tukaondoka.

Pale ofisini sime yake aliikabidhi kwa mlinzi, fimbo akaingia nayo. Karani akamuuliza anathibitishaje kwamba mimi nilikuwa mbele. Mmasai akaona ni swali la kitoto, lakini akalijibu kwa adabu.

"Mimi nilikuwa mbele. Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Mimi wakati ule nilikuwa morani, sikuwa nakula peke yangu. Huyu ndiye niliyekula naye. Mwingine sikumtaka. Sasa kama huyu alikaa stoo, mimi mbona sikufa njaa?"

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Akamwita mkubwa wake, mwanajeshi mwenye mvi, naye akamuuliza Mmasai maswali mawili matatu juu ya mila hiyo, kisha akanitazama mimi, hasa sehemu za katikati. Akasema ushahidi anauona, ingawa umepungua. Akatia sahihi. Mimi niliyekuja kutetea ushujaa wangu nikaandikwa shujaa kwa sababu ya kula.

Hata hivyo nilisubiri sana. Kila nilipokwenda niliambiwa bado, mpaka mimi na mlinzi tukazoeana, akawa ananiuliza kama mvua zimeanza Karatu. Hatimaye siku moja karani alinipa kikasha kidogo kupitia dirishani, akanipongeza. Njiani kurudi nilikifungua na kukifunga mpaka jirani yangu kwenye basi akadhani nimebeba dawa na naogopa kuimeza.

Wazee wakakusanyika tena kwa mama wa marehemu. Nilivaa shati lile lile, sasa linanipwaya. Baba mkubwa aliichukua nishani, akaigeuza huku na huku, akaipima uzito kiganjani, akanirudishia, nikaibandika kifuani. "Sema tena," akasema. Nikasema tena yote, kombora, koleo, uji, sukari. Safari hii hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, yule mzee aliinamisha kichwa akalia, na mimi niliyemchukia miezi yote ile nikaona ni mzee tu aliyefiwa na mtoto wa ndugu yake. Walimwaga pombe chini, wakasema maneno yanayosemwa, wakatangaza msiba umefungwa. Mtu akatumwa kwa majirani. Tuliwaona wanawake wanakuja kwa njia ya shambani, mmoja amebeba kaa la moto kwenye kigae, na wengine wana vikapu vya kuvunia.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda najisikia raha. Kwa kweli nilikuwa najisikia mkubwa. Nilingoja watu wanione. Mama wa marehemu akanijia, akaomba aishike nishani, nikaibandua kifuani nikampa. Aliitazama sana, akaipitisha kidole.

"Hii ndiyo yako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na ya mwanangu wamesema itakuja lini?"

Pale dirishani nilikuwa nimetaja sufuria, nimetaja Mmasai, nimetaja stoo na kitambi, nimepiga meza kwa ajili ya jina langu. Jina la mwanawe sikulitaja hata mara moja.

"Sikuuliza, mama," nikamwambia.

Aliifuta nishani yangu kwa pindo la kanga, akanirudishia mkononi.

"Basi kaulize," akasema, akaenda kuwapokea majirani.