Upande wa Baba, Upande wa Mama

Baba amebakiwa na neno moja. Kiharusi kilimkuta nyuma ya nyumba akipunguza majani ya migomba, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote aliyokuwa nayo: Kinyambo alichozaliwa nacho, Kiswahili cha shule, hata kile Kiganda cha kuokoteza alichokuwa akijivunia mbele ya wageni. Kikamwachia hindura.

Kwa asiyejua lugha yetu, hindura ni geuza. Pia ni badilisha. Waswahili wana maneno mawili, sisi tuna moja linalofanya kazi zote mbili, na hadi mwaka huu sikuwahi kuona shida yake. Mtu akikwambia hindura unatazama anachoonyesha. Kama ni kahawa iliyoanikwa, unaigeuza. Kama ni shati chafu, unabadilisha. Baba haonyeshi kitu. Mkono wake wa kushoto, ule ulio mzima, umelala juu ya blanketi, na macho yananitazama mimi.

Analisema akiamka, analisema akiletewa uji. Alilisema mchungaji alipomaliza kumwombea, na mchungaji akajibu amina.

Muuguzi hospitalini alituagiza tumgeuze mara kwa mara asipate vidonda vya mgongoni, kwa hiyo tulipomrudisha nyumbani Nyaishozi na neno lake, tuliona mambo yamejipanga: mgonjwa mwenyewe anatukumbusha. Akisema hindura, namgeuza. Akisema tena, namgeuza tena. Kuna siku nilimgeuza kama chapati hadi mgongo wangu ukagoma, naye akawa ananitazama kama mtu anayemtazama mjinga. Macho hayo nayajua. Alinitazama nayo utoto wangu wote.

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Majirani wawili wamenipa methali hiyo mlangoni, kila mmoja na mkungu wake wa ndizi, nami niliwashukuru kwa ndizi. Aliyeitunga nadhani hakuwahi kuuguza mtu. Mimi nauliza kutwa. Unataka maji, tata? Anaitikia kwa kichwa. Hutaki maji? Anaitikia kwa kichwa. Siku nilipogundua kwamba kichwa nacho kimekwisha, kwamba kinakubali kila kitu kama mgeni mwenye adabu, nilitoka nje nikalia karibu na pipa la maji, kisha nikarudi na maji ambayo sikujua kama yametakiwa.

Mimi ni kitinda mimba, sina mume, na cherehani inaweza kufungwa na kusubiri. Ndivyo ilivyoamuliwa kwamba nitarudi nyumbani. Kaka yangu ana shamba na watoto Bugomora, kule Kyerwa, na huja anapoweza. Simlaumu, ingawa kuna siku namlaumu sana.

Sanduku la kanda nililifungua kwa uchovu tu, si kwa hekima yoyote. Lilikuwa chini ya kitanda cha baba, la bati, lile ambalo kaka alikwenda nalo shule ya bweni. Nilikuwa nimepiga magoti nikifagia, nikalivuta, nikaketi sakafuni nikaanza kusoma maandishi. Karibu kila kanda ina mwandiko wa baba upande mmoja na mwandiko wa mama upande wa pili.

Hapa inabidi nieleze, maana sijasikia nyumba nyingine Karagwe iliyofanya hivi. Baba alipenda muziki kuliko ilivyotarajiwa kwa mkulima wa kahawa. Kahawa ikiuzwa, wenzake walinunua bati. Yeye alinunua bati na kanda. Alikuwa na rumba za Kongo, dansi za Dar es Salaam, nyimbo za Uganda zilizovuka mpaka pamoja na mafuta ya kupikia na madumu. Alikuwa na kanda moja aliyoirekodi mwenyewe harusini Rugu, mzee mmoja akipiga enanga, kile chombo chetu cha mti na nyuzi, huku walevi wakimkosoa kwamba ameruka sifa za ukoo fulani na kudai rubisi iongezwe.

Kisha mama akaokoka. Alikwenda mkutano wa injili pale senta akiwa mama tunayemjua, akarudi akitaka kanda zichomwe. Wenzake katika wokovu walikwisha kuchoma za kwao. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akasema hachomi kitu kilichotokana na jasho la kahawa. Nyumba ikanuna. Tulikula maharage kimya siku nyingi, tukipishana kama wapangaji. Mwishowe wakaafikiana wao wenyewe, bila mzee wa kanisa: kila kanda igawanywe. Upande wa kwanza ubaki wa dunia, upande wa pili uwe wa Bwana. Baba alikubali nusu ya nyimbo zake zifutwe ili nusu ipone, na ili mke wake amsemeshe tena.

Kanda za dukani zina vijitundu juu, vya kuzuia mtu asirekodi. Mama aliviziba kwa karatasi iliyotafunwa. Hakuwa na waya wa kuunganisha chochote na chochote, basi Jumapili mchana, kipindi cha kwaya kikianza, aliweka redio ndogo mezani na redio-kaseti mbele yake, zikitazamana kama wachumba, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kutuamuru tunyamaze. Nani atanyamaza katika nyumba ya watoto? Ndiyo maana upande wa mama, kwenye kanda zote, una kuku, una sufuria, una mlango unaolia, na una mama mwenyewe akisema, "Nimesema nyamazeni." Kwaya iko mbali, kama inaimba ng'ambo ya bonde. Mama yuko karibu.

Sheria ilikuwa moja tu: upande ukianza, lazima uishe. Baba aliketi barazani, sisi tukigeuza kahawa juani, na kitufe kiliporuka alisema, "Hindura," na mtoto aliye karibu alifuta mikono akakimbia. Upande wa mama ulipoanza, baba mara nyingine alikumbuka kwamba ng'ombe hawajaangaliwa. Mara nyingine alibaki. Ulipoisha, yeye ndiye aliyesema tena hindura. Mama hakuwahi kulisema, kwa kuwa kuomba upande wa dunia ingekuwa dhambi, lakini nimemwona akimenya ndizi wakati wa rumba na kidole gumba cha mguu kikifanya mambo yasiyo ya kilokole.

Kwa hiyo pale sakafuni, na kanda mikononi, niliinuka kwa ghafla hadi nikajigonga kichwa kwenye ubao wa kitanda. Si mwili anaotaka ugeuzwe. Ni kanda. Miezi yote hii nimekuwa nikigeuza kisichotakiwa. Nilijiona mwerevu, na nasema ukweli, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena tangu siku hiyo.

Redio-kaseti ilikuwepo, mlango wake umeshikiliwa na mpira wa baiskeli. Nilipangusa vumbi, nikachomeka kwenye umeme, nikaweka rumba. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea juu ya blanketi. Nilimwona baba yangu, yule mwenyewe, kwa muda wa upande mzima. Kitufe kikaruka.

"Hindura," akasema.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kama kichaa. Nikageuza.

Sikuwa nimejiandaa. Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita, na alikuwa mtu wa kuziba uso kila alipoelekezewa simu, kwa hiyo hatuna video yake wala chochote. Nilikuwa nimesahau kwamba yumo humo. Kwaya ilianza kwa mbali, kuku akalia, na mama akasema, kwa haraka ile ya mtu mwenye kazi, "Fungeni mlango, moshi unaingia." Niliutazama mlango. Ulikuwa umefungwa.

Baba alianza kulia. Uso wake siku hizi unavutwa upande mmoja, na kilio nacho kikavutwa upande huo, bila sauti kwanza, kisha na sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, hata msibani. Na katikati ya upande, kabla haujaisha, akasema, "Hindura."

Nikageuza. Rumba ikarudi. "Hindura," akasema, kwa nguvu zaidi. Nikarudisha upande wa mama. Akalia, akasema hindura. Nilisimama na kidole juu ya kitufe na nikahisi akili yangu inakauka. Geuza, au badilisha? Nirudishie huyu mwanamke, au niondolee? Kuna mambo mawili yaliyo mbali kuliko hayo? Nami kwa neno hilo moja siwezi kuyatenganisha.

Nilijaribu kila njia. Nilizima redio siku kadhaa. Akalisema neno lake kwa redio iliyozimwa, au kwangu, au kwa ukuta. Niliweka mzee wa enanga. Akatazama dari kwa utulivu, walevi wakagombana hadi mwisho, kisha hindura. Nilimwekea mama wa kanda nyingine, akikohoa, akiimba sauti ya pili nyuma ya kwaya kwa kukosea maneno. Akalia vilevile. Baada ya kulia alilala vizuri, na hilo nililishika kama ushahidi, mpaka nilipokumbuka kwamba hata mtoto aliyechapwa hulala vizuri.

Kaka alipokuja kutoka Bugomora, vumbi la pikipiki likiwa bado kwenye nyusi, nilimsikilizisha bila kumwonya. Labda nilitaka naye yampate yaliyonipata. Kwenye kanda, mama alimkemea mtoto aliyekuwa akijifanya mtangazaji wa redio.

"Huyo ni mimi," kaka akasema, na akacheka, kisha akavuta kiti karibu na kitanda. Baba alikuwa analia tayari.

"Nizime?" nikamwuliza.

"Uzime kwa nini? Anataka kumsikia mama. Mtu analia kwa sababu anapenda."

"Au kwa sababu inamuuma."

"Ni kitu kimoja, mdogo wangu."

"Kwako ni kimoja. Wewe kesho unaondoka."

Akamgeukia baba. "Tata, tuendelee?" Baba akaitikia kwa kichwa. Kaka akanitazama, ushindi umemjaa usoni.

"Sasa mwulize kama tuzime," nikasema.

Hakutaka. Nilimwona hataki. Lakini akauliza, kwa sauti ya chini, "Tata, tuzime?" na kichwa kikaitikia, kwa adabu ile ile.

Kaka alisema anakwenda kuangalia migomba. Alikaa huko hadi ndizi zikaiva jikoni, na aliporudi hatukulizungumza tena. Kabla ya kuondoka alinishika bega akasema, "Fanya unavyoona." Ningependa kumrudishia sentensi hiyo. Sioni chochote.

Najua watu watasema ni jambo dogo. Analishwa, anaoshwa, hana vidonda, na wanaopita kumsalimu wanasema nimejitahidi. Lakini mtu huyu alikubali kufuta nusu ya alichokipenda ili apatane na mama, na sasa hivi, kwa kila jambo ambalo angependa kuomba, ana neno moja, nami ndiye mtu pekee wa kulisikia. Kama anamtaka na ninamnyima, ninamnyima kitu cha mwisho duniani. Kama hamtaki, basi kila siku ninamfufua mke wake mbele yake na kumzika tena upande unapoisha. Nimemwomba Mungu wa mama anionyeshe, na muziki wa baba pia nimeuomba, kwa njia yangu.

Kisha neno nalo likaondoka. Daktari anadhani kilimpiga kiharusi kingine, kidogo, akiwa usingizini. Asubuhi nilimletea uji nikasubiri, hakusema. Nilimgeuza, hakusema. Niliweka kanda ikaisha na kitufe kikaruka, akanitazama na mdomo ukasogea kidogo, hakuna kilichotoka. Nilikuwa nimelichukia neno lile hadi kulisikia ndotoni. Sasa ningepiga magoti ili alirudie.

Bado ninaweka kanda, kwa kuwa sijui kuacha kunamaanisha nini, kama nisivyojua kuweka kunamaanisha nini. Juzi mchana upande wa mama uliisha. Nilikuwa namenya ndizi pembeni ya kitanda, mikono ina utomvu, nikasikia sauti ikisema hindura, taratibu, kwa lafudhi ile ile. Ilikuwa sauti yangu. Nikalisema tena, safari hii nikimtazama baba usoni, nione kama limefika na kama nimelisema sawa. Kisha nikafuta mikono, nikainuka nikageuza, kwa sababu hapakuwa na mwingine ndani ya nyumba.