Kijiji Ndani ya Kitani

Capitoline Irangabiye alikuwa fundi wa nguo mtaani Bwiza, Bujumbura, kabla vita havijamfikisha Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwaka wa 1995. Cherehani ilibaki kwao. Lakini mishono yake ya mkono ilikuwa midogo, ungedhani kitambaa kimejiponya chenyewe.

Kanisa moja la Likuni lilimpa kanzu za mapadri azitengeneze, na huko ndiko Mzee Mwakasungula alikoiona kazi yake. Mzee huyo alitunza ramani za zamani katika ofisi moja mjini Lilongwe. Kwao ni Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, kwa hiyo Kiswahili alikijua.

"Mama, unaweza kushona ramani?"

"Ramani njo ile ya karatasi?"

"Karatasi juu, kitani chini. Kitani kimeoza."

Siku ya tatu ya kazi yake ofisini humo alipewa ramani ya shamba kubwa upande wa Madisi, iliyochorwa wakati wazungu ndio kwanza wanaipima nchi. Ilikuwa na mto, mistari iliyonyooka, namba, na katikati peupe. Mwakasungula alimweleza kuwa watu waliburuta mnyororo wa chuma porini, hatua kwa hatua, mpaka bonde zima likaenea mezani.

"Mnyororo tu?" Capitoline aliuliza, akiutazama ule mto.

"Mnyororo na miguu."

Alilowesha pembe ya ramani ili gundi ilegee. Kitani kilipoanza kubanduka, akaona wino kwa ndani.

"Mzee, kuya uone. Na kitambaa kiliandikwa."

Walikibandua siku nzima, kidogo kidogo, bila kwenda kula. Kumbe mpimaji alikosa kitambaa, akachukua ramani yake ya kwanza, aliyoichora juu ya kitani, kuibandikia ya pili. Mto ulikuwa uleule, na kona zilezile. Ila hapa palikuwa na vijiji: viduara vidogo, majina, njia, hata makaburi.

Mwakasungula akayasoma majina kwa sauti. Mlangoni alisimama Chimwala, mfagiaji wa ofisi. Jina la saba liliposomwa, akasema kitu kwa Kichewa.

"Anasemaje?" Capitoline aliuliza.

"Anasema bibi yake alizaliwa Kanthochi. Walikuwa wanamcheka. Kila mtu alisema hakuna mahali pa jina hilo."

Capitoline akapiga ishara ya msalaba.

"Kumbe bantu balikuwa hapa," alisema polepole. "Mwambie aweke kidole."

Hakuna aliyeruhusiwa kugusa ramani ofisini humo. Siku hiyo Mwakasungula alisogea kando, na Chimwala akaweka kidole.

Ardhi haikurudi, shamba lilikuwa na mwenyewe, na ofisi haikutaka maneno. Lakini Capitoline aliagizwa aishonee ile ramani ya kwanza kitani kipya kwa nyuma, na kazi hiyo ilimchukua wiki tano. Kabla hajamaliza, Chimwala alimleta mama yake kutoka Madisi.

Mama huyo alivua viatu mlangoni kama anaingia kanisani. Mwakasungula alimwonyesha njia ya kutoka mtoni mpaka kijijini. Aliifuata kwa macho, taratibu, kama mtu anayepanda mlima.

"Marehemu mama alisema kulikuwa na kisima," alisema, na Mwakasungula akamtafsiria Capitoline.

Wote wakainama. Kisima kilikuwapo: nukta ya buluu, chini kidogo ya jina.