Mpiga Dramu Aliyekalia Mikono

Mpiga dramu wetu hupiga kama anayeua nyoka. Kabla ya kila wimbo hufunga vidole plasta, hung'ata kijiti, kisha huutazama ukuta, maana jirani huugonga kwa mwiko bendi ikianza kunguruma. Wimbo wetu mpya ni wa taratibu. Ubeti mzima wa kwanza yeye hapigi kitu, nasi tuliogopa atashindwa kuvumilia. Leo aliikalia mikono yake, akahesabu kwa kidevu, jasho likimtiririka kuliko siku zote. Mara mlango ukafunguka: jirani, mwiko mkononi.

"Wanangu, mbona kimya? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, mama. Tunapiga."

Akatega sikio, akageuza ndoo, akaketi. Mpiga dramu akatabasamu hadi magego, lakini mikono hakuitoa. Zamu yake ilikuwa bado.