Magugu ya Kiwanja cha Nyuma

Spéciose alitoka Burundi mwaka 1995, akapanga nyumba ughaibuni, katika mtaa wa Rexdale, nyuma yake kukiwa na kiwanja kitupu. Oktoba ilipofika, upepo ulianza kung'oa magugu makavu ya miiba kiwanjani humo, mengine makubwa kuliko tairi la gari. Yalibingirika huku yakimwaga mbegu, yakarundikana kwenye nyumba za watu.

Asubuhi moja, akiwahi kazini, alikuta mlango haufunguki. Aliusukuma kwa bega ukaachia kidogo, akapenyeza mikono kuyaondoa magugu yaliyouziba kwa nje, yakamchoma, akafoka kwa Kiswahili, "Magugu gani haya, hayana hata aibu!"

"Pole, dada! Na mimi yamenizibia gari," alijibiwa kwa Kiswahili.

Alikuwa Nargis, jirani yake, mzaliwa wa Mombasa. Kwa miezi saba walikuwa wakipungiana mikono tu. Spéciose alidhani mwenzake ametoka India, na Nargis alidhani Spéciose anajua Kifaransa peke yake. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kuyazoa sasa ni kazi bure, mbegu zimeshamwagika," alisema Spéciose, aliyekulia shambani. "Tuyang'oe Juni, yangali laini."

Mwenye kiwanja aliwaruhusu. Juni yote waliingia na majembe kila Jumamosi, na majirani wanne wakajiunga nao.

Oktoba iliyofuata yalikuja magugu matatu tu. Nargis aliyatia kwenye mfuko wa taka, kisha wakaenda na Spéciose kupima kona waliyopewa na mwenye kiwanja, ili baridi ikiisha wapande mchicha.